Nukta ya Kurejeshea Mfumo: Jina, Maana na Matumizi Yake

Utangulizi

Miongoni mwa maneno ya kompyuta ambayo wafasiri wetu hukutana nayo, yamo ambayo yakifasiriwa vibaya hayaleti ila kicheko. Yamo mengine ambayo yakifasiriwa vibaya humpotezea mtu kazi yake. Makala haya yanahusu neno moja la aina hiyo ya pili.

Tuliandikiwa barua na mwalimu mmoja wa shule ya sekondari. Nyumbani kwake anayo kompyuta ambayo huitumia kutunzia alama za wanafunzi. Siku moja alifuta kwa bahati mbaya faili ya alama za muhula mzima. Akakumbuka kwamba anacho kijitabu cha maelekezo kilichofasiriwa kwa Kiswahili, na kwamba ndani yake mna sura iitwayo "Nukta za Kurudisha Kazi". Alifuata maelekezo hatua kwa hatua, akachagua tarehe ya majuma mawili nyuma, akangoja. Kompyuta ilipowaka tena, faili ya alama haikuwapo. Zaidi ya hayo, programu ya kuandalia ripoti za wanafunzi, ambayo aliisakinisha juma lililotangulia, nayo ilikuwa imetoweka. Alilazimika kuzikusanya karatasi za mitihani na kuandika alama zote upya. Swali lake kwetu lilikuwa fupi: je, ni kompyuta iliyokosea, au ni yeye?

Jibu letu ni kwamba kompyuta haikukosea, wala mwalimu hakukosea. Kompyuta ilifanya jambo lile lile iliyoundwa kulifanya, na mwalimu alifuata maneno aliyoyasoma. Lililokosea ni jina. Mfasiri wa kijitabu hicho hakuwa mzembe. Sarufi yake ni safi na hatua zake zimepangwa vizuri. Ila alilifasiri neno kabla ya kulielewa jambo. Kwa hiyo tumeona yafaa kulieleza jambo lenyewe kwanza, kisha tulitafutie jina, na mwishoni tuoneshe namna ya kuliandikia maelekezo ambayo msomaji wa kawaida ataweza kuyafuata bila ya kuhasirika.

Dhana yenyewe

Kompyuta nyingi za nyumbani hutumia mfumo endeshi uitwao Windows, uliotengenezwa na kampuni ya Microsoft ya Marekani. Mfumo endeshi ni ule mkusanyiko wa programu unaoiwezesha mashine kufanya kazi: kuwaka, kuonesha picha kwenye skrini, kupokea herufi kutoka kwenye kibodi, kuitambua printa, na kuziendesha programu nyingine zote. Mfumo huo haukai katika hali moja siku zote. Kila mwenye mashine anaposakinisha programu mpya, anapounganisha kifaa kipya, au mashine inapopokea sasisho kutoka kwa watengenezaji, mfumo hubadilika. Aghalabu mabadiliko hayo huwa ya heri. Mara nyingine huwa ya shari: printa iliyokuwa ikifanya kazi jana leo haitambulikani, au mashine nzima hukataa kuwaka.

Ili kukabiliana na shari hiyo, watengenezaji waliweka ndani ya Windows chombo kinachouweka kumbukumbuni mfumo jinsi ulivyo katika wakati fulani, ili baadaye uweze kurejeshwa katika hali ile ile. Chombo hicho kilitokea kwa mara ya kwanza katika toleo la Windows Me la mwaka 2000, kikaendelea katika Windows XP ya mwaka 2001, na kimo katika matoleo yaliyofuata hadi Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021. Kila kumbukumbu moja ya hali ya mfumo, yenye tarehe yake na saa yake, ndiyo tunayoitafutia jina hapa.

Yafaa sasa tuulize: katika kumbukumbu hiyo mmewekwa nini? Mna faili za mfumo endeshi wenyewe. Mna programu zilizosakinishwa. Mna programu ndogo ndogo za kuendeshea vifaa, kama vile printa na kadi ya sauti. Mna mipangilio ya mfumo, pamoja na daftari lake kubwa ambamo Windows huandika habari za kila programu na kila kifaa. Mambo hayo ndiyo yanayorejeshwa.

Na yasiyorejeshwa ni yapi? Ni hati za mwenye mashine: barua alizoandika, picha alizopiga, majedwali ya hesabu, alama za wanafunzi. Chombo hiki hakikukusudiwa kuzigusa hata kidogo. Hakizifuti, na hakizirudishi zilizofutwa.

Mfano wa nyumba utatusaidia. Tuchukulie kwamba fundi amepewa kazi ya kuirejesha nyumba katika hali iliyokuwa nayo Jumatatu. Fundi ataitazama milango, madirisha, nyaya za umeme na mabomba ya maji. Bomba lililobadilishwa Jumatano ataling'oa na kurudisha lile la Jumatatu. Mlango mpya uliotiwa Alhamisi atauondoa. Lakini masanduku ya wapangaji hatayagusa. Mpangaji aliyepoteza shati lake Jumanne hatalipata kwa sababu ya kazi ya fundi huyo. Na aliyeweka mlango mpya Alhamisi asishangae akiukuta haupo.

Hayo mawili ndiyo yaliyompata mwalimu wetu. Alama zilikuwa ni sanduku la mpangaji, kwa hiyo hazikurudi. Programu ya ripoti ilikuwa ni mlango wa Alhamisi, kwa hiyo iliondolewa.

Hatuna budi kuongeza jambo moja kwa ajili ya wale wanaoijua mashine kwa undani. Tangu toleo la Windows Vista, lililofika madukani mwaka 2007, kumbukumbu hizi huwekwa kwa njia ya nakala kivuli za diski. Kwa sababu hiyo, katika baadhi ya matoleo imewezekana kulichomoa toleo la zamani la hati fulani kutoka katika nakala hizo, kwa njia iliyo mbali na kurejesha mfumo. Huenda ndipo ilipoanzia imani kwamba kumbukumbu hizi huhifadhi kazi za mtu. Lakini njia hiyo haikuwamo katika matoleo yote, na mwenye mashine hana uhakika kwamba ataikuta hati anayoitaka. Kijitabu cha maelekezo hakiwezi kujengwa juu ya jambo la bahati.

Uchaguzi wa jina

Jina la Kiingereza la kumbukumbu hii lina maneno mawili. La kwanza lina maana ya kukirudisha kitu katika hali yake ya awali. La pili ni neno lenye maana nyingi: nukta, ncha, mahali, wakati, hoja, hata alama inayopatikana mchezoni. Wafasiri wamejaribu majina kadha wa kadha, nasi tutayapima moja baada ya jingine.

"Nukta ya kurudisha kazi." Kosa la jina hili limekwisha kuonekana. Neno "kazi" halimo katika jina la asili. Limeongezwa na mfasiri kwa nia njema ili jina lisikae tupu, kwa kuwa kurudisha ni kitenzi kinachodai yambwa. Hisia yake ya sarufi ilikuwa sahihi; yambwa aliyoichagua ndiyo iliyokuwa ya uongo.

"Nukta ya kurejesha." Jina hili ni fupi, na limekwisha kuonekana katika tafsiri nyingine. Lakini linaacha swali wazi: kurejesha nini? Katika Kiswahili cha kila siku, kurejesha ni kumpa mwenyewe kitu chake kilichopotea au kilichochukuliwa. Mtu hurejesha kitabu maktabani. Polisi hurejesha mali iliyoibwa. Msomaji asiyeambiwa kinachorejeshwa ni nini atajaza mwenyewe, naye atajaza kile alichokipoteza.

"Nukta ya marejeo." Jina hili linavutia kwa sauti yake, ila walimu na wanafunzi wa vyuo wamezoea kuliona neno marejeo mwishoni mwa vitabu, pale yanapoorodheshwa maandishi yaliyotumiwa na mwandishi. Neno lenye kazi rasmi mahali pengine lisipewe kazi ya pili iwapo lipo neno jingine lisilo na shughuli.

"Kituo cha kurejea." Kituo ni mahali pa kusimama: kituo cha basi, kituo cha afya. Neno hili lina ubora wa kuonesha safari, kwa kuwa msafiri anaweza kurudi hadi kituo alichokipita. Lakini linampeleka msomaji kutafuta mahali, na kumbe anachopaswa kukitafuta ni wakati. Tena kurejea ni tendo la mtu mwenyewe, na hapa mtu harejei popote. Kinachorejeshwa ni mfumo.

"Nakala ya akiba" au "chelezo". Majina haya mawili hutumiwa kwa nakala za hati zinazowekwa kando, na yapo wanapoyatumia pia kwa kumbukumbu hizi. Chelezo ni kitu kinachoelea majini, na mtu aliyetupwa baharini akikishika anaokoka. Kwa nakala ya hati ni sitiari nzuri. Lakini kumbukumbu tunayoizungumzia haimwokoi aliyepoteza hati. Na kuhusu akiba, wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Kumbukumbu hizi huoza. Diski inapokosa nafasi zilizotengewa, Windows hufuta zilizotangulia ili kupisha mpya. Mtu akiuzima ulinzi wa mfumo katika diski fulani, zote za diski hiyo hufutika mara moja. Na tangu sasisho la mwezi Juni 2025, Windows 11 ya toleo la 24H2 huzitunza kwa muda usiozidi siku 60. Kitu chenye muda wake wa kufa hakiitwi akiba.

Baada ya kuyapima hayo, tunapendekeza "nukta ya kurejeshea mfumo". Sababu zetu ni tatu.

Kwanza, neno nukta halikufungwa katika maana ya kialama tu. Pamoja na kuwa ni alama ya kumalizia sentensi, kamusi zetu hulipa pia maana ya sekunde, yaani kipande kidogo cha wakati. Maana hiyo ndiyo hasa inayotakiwa hapa, kwa kuwa kila kumbukumbu hutambulika kwa tarehe na saa yake.

Pili, tumetumia kauli ya kutendea. Kiswahili husema kisu cha kukatia, kalamu ya kuandikia, chumba cha kulala wageni au cha kulalia wageni. Kauli hiyo huonesha chombo au mahali pa tendo. Nukta si kitu kinachorejeshwa. Ni pale mfumo unaporejeshewa. Herufi moja inayoongezeka, kutoka kurejesha hadi kurejeshea, yatosha kuondoa shaka hiyo.

Tatu, neno mfumo limetajwa waziwazi. Hili ndilo lililo muhimu kuliko yote. Msomaji akiona mfumo, atajua kwamba si hati. Na asipojua mfumo ni nini, atauliza. Kuuliza ni bora kuliko kudhani. Mahali ambapo jina limetajwa mara moja kwa ukamilifu, baadaye laweza kufupishwa kuwa nukta peke yake, ila lisifupishwe katika kichwa cha habari.

Namna ya kuweka nukta

Sasa tutaeleza utaratibu wenyewe, ili wafasiri wapate mfano wa maelekezo yaliyotumia istilahi hizi. Maelekezo haya yanafaa kwa Windows 10 na Windows 11. Ikumbukwe kwamba Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa mashine nyingi zenye toleo hilo bado zinatumika majumbani.

Kabla ya yote, mtu awe ameingia kwenye mashine kwa jina lenye mamlaka ya msimamizi, au aijue nywila ya msimamizi. Kisha:

1. Bonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na kitufe cha herufi R. Kidirisha kidogo chenye mstari mtupu kitafunguka. Andika humo SystemPropertiesProtection, kwa kuunganisha maneno yote bila ya nafasi, kisha bonyeza kitufe cha kuingiza.

2. Dirisha la ulinzi wa mfumo litafunguka. Katikati yake mna orodha ya diski za mashine, na mbele ya kila diski pameandikwa iwapo ulinzi umewashwa au umezimwa. Itazame diski ya mfumo, ambayo kwa kawaida hupewa herufi C na kuwekewa alama ya Windows. Usidhani kwamba ulinzi umewashwa. Katika mashine nyingi za Windows 10 na 11 huwa umezimwa tangu dukani, na mwenyewe hana habari.

3. Ikiwa umezimwa, ichague diski hiyo, kisha bonyeza kitufe kilicho chini ya orodha, ambacho ni cha kupangia ulinzi. Chagua kuuwasha. Hapo chini pana kitelezi cha kuamulia kiasi cha nafasi itakayotengewa nukta. Nafasi ikiwa finyu mno, nukta za zamani zitafutwa mapema. Kubali, dirisha lifungwe.

4. Rudi kwenye dirisha la kwanza, bonyeza kitufe cha chini kabisa, ambacho ni cha kuundia nukta. Utaombwa uandike maelezo mafupi. Andika maneno yatakayokukumbusha sababu, kwa mfano: "Kabla ya printa mpya". Huna haja ya kuandika tarehe wala saa, kwa kuwa mashine huziongeza yenyewe.

5. Ngoja hadi mashine itangaze kwamba nukta imeundwa. Kazi hii huchukua muda mfupi.

Wafasiri waangalie hatua ya 4. Watu wengi huandika maelezo kama vile "nukta yangu" au "mpya". Baada ya mwezi mmoja, maneno hayo hayamsaidii mtu. Kijitabu kizuri humwelekeza msomaji ataje lile analokusudia kulifanya baada ya kuweka nukta, kwa maana hilo ndilo atakalotaka kulikimbia mambo yakiharibika.

Windows nayo huweka nukta kwa hiari yake, hasa kabla ya kusakinisha baadhi ya sasisho, programu na programu za kuendeshea vifaa. Lakini haifanyi hivyo iwapo ulinzi umezimwa, wala haifanyi kwa kila programu. Mtu mwangalifu huweka ya kwake kabla ya kila badiliko kubwa.

Namna ya kuzipata nukta zilizopo

Swali linaloulizwa mara nyingi zaidi ni hili: nukta nilizoziweka ziko wapi? Baadhi ya watu huzitafuta katika folda za mashine kama watafutavyo barua. Hawazioni, nao hudhani kwamba hazikuundwa. Ukweli ni kwamba nukta huhifadhiwa katika folda iliyofichwa ndani ya diski ile ile inayolindwa, na mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuifungua. Hazinakiliwi kwenye diski mweko, wala hazihamishiwi kwenye mashine nyingine. Diski ikifa, nazo zimekufa pamoja nayo.

Njia ya kuziona ni kupitia chombo chenyewe cha kurejeshea:

1. Fungua tena kidirisha kwa kitufe cha Windows na herufi R, andika rstrui, kisha bonyeza kitufe cha kuingiza.

2. Ukurasa wa kwanza wa chombo hicho wakati mwingine hukupendekezea nukta moja ya karibuni, na hukupa nafasi ya kuchagua nyingine. Ikiwa unataka kuona zote, chagua nyingine, kisha endelea.

3. Jedwali litatokea lenye safu tatu: tarehe na saa, maelezo, na aina. Safu ya aina huonesha iwapo nukta iliwekwa na mtu au na mashine yenyewe, na kwa sababu ya tendo gani.

4. Chini ya jedwali huwapo kisanduku kidogo. Kitie alama ya vema, na nukta nyingine zilizokuwa zimefichwa zitaongezeka kwenye orodha. Wengi hawakioni kisanduku hiki, nao husema kwamba nukta zao zimepotea na kumbe zipo.

5. Ichague nukta unayoikusudia, kisha bonyeza kitufe cha kuchunguza programu zitakazoathirika. Mashine itatoa orodha mbili: ya programu na viendeshi vitakavyoondolewa, na ya vile vinavyoweza kurudishwa.

Hatua ya 5 si ya lazima kwa mashine, lakini ni ya lazima kwa mtu. Kama kijitabu cha mwalimu wetu kingeitaja, angeiona programu ya ripoti katika orodha ya zitakazoondolewa, naye angesita.

Pana tahadhari nyingine ndogo kuhusu tarehe. Mashine iliyopangwa kwa desturi ya Marekani huanza na mwezi kisha siku. Kwa hiyo 4/3 ni tarehe 3 Aprili, wala si tarehe 4 Machi. Msomaji aoneshwe jambo hili mapema.

Kurejesha na kutangua

Baada ya kuichagua nukta, mashine huuliza kwa mara ya mwisho iwapo mtu ana hakika. Akikubali, mashine hujizima, hurejesha mfumo, kisha hujiwasha upya. Kazi hiyo isikatizwe. Kompyuta ya mezani isiyo na betri ya dharura isifanyiwe kazi hii siku ambayo umeme hauaminiki, na kompyuta ya kupakata iunganishwe na umeme kwanza.

Itakuwaje matokeo yakiwa mabaya kuliko mwanzo? Kabla ya kurejesha, Windows huweka nukta moja ya hali ya wakati ule. Kwa kufungua chombo kile kile kwa mara ya pili, mtu ataona nafasi ya kukiondoa kilichofanyika. Tendo hilo tunapendekeza liitwe kutangua: ndoa hutanguka, amri hutanguliwa, na urejeshaji nao waweza kutanguliwa. Ila ikiwa mtu alirejesha mfumo akiwa katika hali salama, yaani ile hali ambayo mashine huwaka kwa programu chache tu za lazima, urejeshaji huo hautanguliwi.

Na mashine isipowaka kabisa? Windows ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, aghalabu hufungua yenyewe mazingira ya ukarabati, na ndani yake chombo cha kurejeshea mfumo kimo. Ikiwa diski ya mashine imefungwa kwa njia ya siri iitwayo BitLocker, mtu huenda akadaiwa ufunguo wenye tarakimu 48. Ufunguo huo utafutwe na kuandikwa mahali salama mashine ingali nzima.

Jambo la mwisho katika sehemu hii linahusu virusi. Kurejesha mfumo si dawa ya virusi. Virusi vyaweza kuwamo ndani ya nukta yenyewe, au ndani ya hati ambazo urejeshaji hauzigusi.

Istilahi jirani

Jina jema halitoshi iwapo majirani zake yamechanganyika. Tunapendekeza kila neno kati ya haya libaki na kazi yake:

Nukta ya kurejeshea mfumo: kumbukumbu ya hali ya mfumo katika tarehe na saa maalumu.

Urejeshaji wa mfumo: tendo la kuurudisha mfumo katika hali iliyomo kwenye nukta. Hati za mtu hazihusiki.

Ulinzi wa mfumo: mpangilio unaoiruhusu mashine kuweka nukta katika diski fulani.

Nakala ya akiba: nakala ya hati iliyowekwa mbali na ya asili, kwa mfano katika diski nyingine. Kompyuta za Apple zina chombo kiitwacho Time Machine, kilichotolewa mwaka 2007, ambacho huhifadhi pamoja na mengine hati za mtu katika diski ya nje. Ingawa nacho humrudisha mtu nyuma kwa tarehe, kazi yake ni ya akiba, wala kisiitwe kwa jina la nukta.

Uokoaji wa hati: jitihada ya kuipata hati iliyokwisha kufutwa. Tendo hili lina vyombo vyake na halina uhakika.

Kutangua: kuliondoa tendo lililofanyika na kurudi katika hali ya kabla yake.

Hitimisho

Wako watakaosema kwamba jina tunalolipendekeza ni refu. Ni kweli, lina maneno manne. Hata hivyo, urefu huo ni wa herufi chache tu kwenye karatasi, na ufupi wa jina lililotangulia ulimgharimu mwalimu mmoja alama za muhula mzima. Mfasiri anapochagua istilahi, asimfikirie tu msomaji aliyetulia mezani. Amfikirie pia yule aliyekwisha kupoteza kitu, ambaye mikono inamtetemeka, na anayelisoma jina la sura kama mtu asomaye kibao cha njia panda wakati wa usiku.

Kwa mwalimu wetu tunajibu hivi. Sura ile ya kijitabu chako ingepaswa kuanza kwa sentensi hizi tatu: "Nukta ya kurejeshea mfumo huirudisha mashine katika hali yake ya siku iliyopita, na huziondoa programu ulizoziweka baada ya siku hiyo. Hairudishi barua, picha wala alama ulizozifuta. Hizo ziwekee nakala ya akiba." Tunamwomba mfasiri yeyote atakayepewa kuchapisha upya kijitabu cha namna hiyo aziweke mwanzoni kabisa, kabla ya hatua ya kwanza.

Wasomaji wenye majina mengine wanayoyaona kuwa bora, au walio na mifano ya jinsi istilahi hizi zinavyotumiwa ofisini na shuleni kwao, tunawakaribisha watuandikie ili mapendekezo haya yajadiliwe kabla ya kusanifishwa.